Neno Moja la Mzee Spiringi

Jumatatu, tarehe 3 Machi 1997, kabla ya saa sita mchana, fundi makochi mwenye umri wa miaka sitini na tisa alianguka katika karakana yake mwenyewe, mkono wa kulia ukiwa bado umeshika kibao cha kuvutia mikanda. Hilo ni la hakika. Kuhusu mengi yaliyofuata, waliokuwepo wanatofautiana. Ila katika jambo jingine moja wote wanakubaliana. Tangu alipofumbua macho hospitalini, mzee yule, aliyejulikana mtaa mzima kwa ulimi wake usiotulia, alikuwa amebakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "baba".

Mtaani aliitwa Mzee Spiringi. Jina alilipata ujanani, kwa kazi yake na kwa mwendo wake pia, maana alikuwa mfupi, mkakamavu, na alitembea kana kwamba kila hatua kuna kitu kinamrusha kidogo kutoka chini. Aliyekuwa naye asubuhi ile ni mtoto wa mkewe, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, ambaye wateja walimwita Fundi bila kuongeza kitu. Fundi alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa fremu ya kochi, nyundo mkononi, misumari midogo imebanwa midomoni. Ndivyo walivyofanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee huvuta mkanda, ule unaobeba mto wa kukalia, juu ya fremu, huugonga kwa ukucha, huusikiliza, huvuta tena, ukifikia mkazo anaoutaka husema "Haya!" na Fundi hupigilia. Kupigilia kabla ya "haya" ilikuwa utovu wa adabu. Siku ile Fundi alingoja. Alingoja hadi akaudhika, akainua kichwa amuulize mzee kama amelala au vipi, ndipo akaona mdomo umekwenda upande.

Madaktari walimwambia kwamba muda ule mfupi haukubadilisha lolote. Aliwashukuru, akaendelea kujilaumu.

Kwa nini neno lile lilimkaa Fundi kooni kama mwiba? Jibu liko nyuma sana. Mama yake alifiwa na mume wa kwanza mtoto akiwa mdogo, akaolewa na Spiringi mtoto alipotimiza miaka saba. Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya alimkalisha mwanawe kitako, akampa sheria.

"Baba yako ni mmoja, na yuko kaburini. Huyu ni mume wangu. Utamheshimu na utamtii, lakini jina la baba yako usimpe mtu."

"Sasa nimwite nani?"

Mama alifikiri. "Mwite Mzee."

Spiringi wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kichwani hana hata unywele mmoja mweupe. Majirani walivunjika mbavu. Watoto wa mtaani walimpisha njia kwa madaha, "Pita, Mzee, shikilia ukuta usije ukaanguka," naye akacheka pamoja nao. "Afadhali mimi," alisema. "Wenzangu watangoja hadi meno yaishe ndipo wapewe cheo hiki."

Hakulalamika, angalau si mbele ya watu. Alimpeleka mtoto shule, alimfundisha kazi, alimposea mke. Mama hakujaliwa kupata mtoto mwingine, na kwa hiyo miaka yote ile nyumba haikuwa na mtu wa kumwita Spiringi baba. Si kwamba neno lenyewe lilikosekana. Mama alimwita mwanawe hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa amepewa jina la babu yake mzaa mama: "Njoo ule, baba." "Baba, umechana tena shati?" Na mdogo wake Spiringi alipokuja kutembea, mtoto alimwamkia "shikamoo, baba mdogo" kwa adabu ya kawaida, wala hakuna aliyeona ajabu. Neno lilizunguka nyumba nzima, likamruka mtu mmoja.

Mama alifariki miaka sita kabla ya kiharusi kile. Sheria yake haikuzikwa naye. Mara mbili tatu Fundi alipiga moyo konde abadilishe, hasa baada ya kupata watoto wake mwenyewe, lakini ulimi uliozoea njia moja tangu utotoni hauelekezwi kwa siku moja, na kila mara alipofungua kinywa lilitoka lile lile: "Mzee, chai tayari."

Katika wodi ya wanaume vitanda vilitazamana. Kitanda kilichomwelekea Spiringi kilikuwa cha baharia mstaafu aliyevunjika nyonga, mtu aliyechoka kulala chali na aliyetafuta masikio kwa udi na uvumba.

"Mzee wako anaita baba kutwa," alimwambia Fundi siku ya nne. "Lakini baba wa wapi? Hilo ndilo swali."

"Baba ana wapi na wapi?"

"Wee! Nenda Uturuki, baba ni baba, sawasawa na hapa. China hivyo hivyo, ila usipoishusha sauti penyewe watakucheka. Sasa jichanganye uende Urusi ukamwite mzee wa watu baba! Kule baba ni bibi kizee."

"Acha kutia chumvi, bwana."

"Naapa. Tulikuwa na nahodha wa huko, ndevu hadi hapa. Kijana mmoja wetu akataka kumpa heshima: 'Ndiyo, baba.' Alisugua sitaha wiki nzima, na kosa lake halijui." Baharia alijiinua kwa kiwiko. "Japani pia ni bibi kizee, tena ni tusi. India ndiyo imemaliza kazi: baba ni mzazi, baba ni mzee mtakatifu, na katoto kanakotambaa nako wanakaita baba. Halafu kuna watu wa Jojia. Wale baba mzazi wanamwita nani? Wanamwita 'mama'!"

Kutoka kitandani kwake Spiringi aliinua kidole cha mkono wa kushoto. "Baba," alisema, kwa sauti ya chini, yenye kuvuta mwisho, kama mtu anayemwambia mwenzake sasa umezidi. Wodi nzima ikacheka. Naye akacheka, nusu ya uso.

Fundi yeye aligeuka. Kwa siku nne kila neno hilo lilipotoka alikuwa amegeuka. Aligeuka akiwa anafunga chandarua, akiwa anazungumza na muuguzi, akiwa mlangoni anaondoka, na kila alipogeuka alidhani ni yeye anayeitwa. Jioni moja mzee alikuwa akiomba chupa ya mkojo tu.

Alimfuata tabibu wa usemi, mwanamke mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi na aliyezungumza polepole na kwa uangalifu, pengine kwa mazoea ya kukaa na watu ambao maneno yamewakimbia.

"Daktari, anamwita nani?"

"Huenda hamwiti mtu. Kiharusi kimeharibu sehemu ya ubongo inayopanga maneno. Baadhi ya wagonjwa wa namna hii hubakiwa na neno moja, wengine na silabi isiyo na maana, na hulitumia kwa kila kitu. Maji, maumivu, mzaha, hapana. Sikiliza sauti, tazama jicho. Neno lenyewe usiliegemee sana."

"Lakini kwa nini limebaki hilo? Maneno ni mengi."

"Sijui. Kwa hakika hakuna anayejua."

"Yule baharia anasema kila nchi ina maana yake."

"Amekwambia kweli, karibu yote. Watu hulisikia neno hilo kote duniani, wakadhani lilitoka kwa taifa moja likatembea. Mahali pengine lilitembea kweli. Lakini Wakongo humwita baba 'tata', na Wapolandi vile vile, wala hakuna aliyemwazima mwenzake. Wataalamu wengi wanaona chanzo ni mdomo wa mtoto mchanga. Akifunga midomo na kuifungua huku anatoa sauti, hutoka ba-ba, ma-ma, pa-pa. Anajichezea tu, hana habari na mtu. Aliye karibu ndiye hugeuka na kusema: ananiita mimi! Kwingine amegeuka baba, kwingine bibi. Sauti ni ya mtoto, maana huwekwa na waliogeuka."

Alisema hayo kama jambo la kawaida la kazi yake, akarudi kwa wagonjwa. Fundi alibaki pale ukumbini, mikono mfukoni, akihisi amevuliwa nguo hadharani.

Wiki ya pili alifika baba mdogo. Alikuwa mkuu wa kituo cha treni mstaafu, na bado alifunga vifungo vyote vya koti, hata cha shingoni. Alipoinama juu ya kitanda na kuambiwa "baba", machozi yalimtoka pale pale.

"Anamwita marehemu baba yetu," alisema. "Anataka kurudi nyumbani."

Walikwenda kubishana nje ya mlango, karibu na masinki ya kunawia.

"Nitamchukua atakaporuhusiwa," baba mdogo alianza. "Nyumba ya wazee wetu ipo, haina ngazi, na binti yangu ni muuguzi. Atatunzwa."

"Baba mdogo, kwa heshima zote, nyumbani kwake ni hapa."

"Nyumbani kwake ni pale alipozaliwa."

"Miaka thelathini na minane yuko hapa!"

"Kwa ajili ya mama yako. Mama yako hayupo, Mungu amrehemu. Sasa akae kwa ajili ya nani?"

"Mimi ni mtoto wake!"

Baba mdogo alimtazama bila hasira, na ukosefu huo wa hasira ndio uliouma. "Mimi unaniita baba mdogo, na nashukuru. Baba mdogo ni mdogo wake baba. Huyo baba mwenyewe umemwita lini?"

Mhudumu aliyekuwa akipiga deki alisimama na ndoo yake katikati yao. "Wazee wangu, samahanini, mmesimama kwenye sabuni." Wakasogea, kila mmoja upande wake.

Usingizi ulimpaa Fundi siku zile. Akiwa karakanani, mbele ya kochi ambalo mikanda yake ilikuwa imeishia katikati, alikata shauri. Kama ulimi hauwezi kusema mzee ni wa wapi, mikono itasema. Kesho yake alifika wodini na fremu ya stuli ndogo, mkanda, kibao cha kuvutia, na nyundo.

"Hiyo nyundo inakwenda wapi?" muuguzi alimzuia.

"Kwa mgonjwa, sista."

"Mnakuja kututengenezea vitanda? Basi anzia kile cha pembeni, kinalia kama paka."

Tabibu wa usemi aliombwa ruhusa. Alisita, akakubali kwa muda mfupi, akasimama pembeni kuangalia. Walimkalisha mzee, fremu mapajani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kama kitu cha mtu mwingine. Kwa wa kushoto alishika kibao, akavuta, akagonga mkanda kwa ukucha, akausikiliza. "Baba," alisema kwa kuchukizwa. Akavuta tena. Akagonga. "Baba!" safari hii kavu, fupi, na kabla hajafikiri Fundi alikuwa amekwisha kupigilia.

Mkanda wa pili. Wa tatu. Baharia alipiga makofi. Mgonjwa mmoja alijifunika mto kichwani akalalamika kwamba alikuja hospitali kupumzika. Fundi hakusikia kitu. Alikuwa akicheka na machozi yanamtiririka.

"Umeona, baba mdogo? Akili iko pale pale! Karakana inamngoja. Nitamtengenezea kiti chenye mgongo, atakaa pembeni, atavuta, nitapigilia. Kazi itakwenda kama zamani."

Baba mdogo, aliyekuwa amesimama mwishoni mwa kitanda muda wote ule, aliuliza taratibu, "Unamtaka mtu, au unautaka mkono?"

Ndipo Fundi alipotazama kweli. Jasho lilikuwa likimtoka mzee kwenye paji la uso hadi shingoni. Kiganja cha kushoto, ambacho hakikuwa kimezoea kuvuta, kilikuwa chekundu, ngozi imechubuka penye alama ya kibao. Kwa kuwa Fundi alijua njia moja tu ya kukaa na mtu huyu, hiyo ndiyo aliyomletea hadi kitandani. Spiringi aliachia kibao kikaanguka sakafuni. Aligeuza uso ukutani.

Wodi ilihitaji kitanda, na daktari mkuu akataka mgonjwa mwenyewe aulizwe anakotaka kwenda. Kazi hiyo ilimwangukia tabibu wa usemi. Aliwaagiza wote wawili walete picha, zenye ukubwa sawa, zisizo na mtu ndani yake. Baba mdogo alileta picha ya kibaraza cha nyumba ya wazazi wao. Fundi alileta ya karakana, mlango wa nyuma ukiwa wazi ili chumba cha mzee kionekane.

Tabibu hakuanza na picha. Aliweka kikombe na kiatu, akauliza kipi ni cha kunywea. Akaweka kitana na kijiko. Akaendelea hivyo mpaka aliporidhika kwamba mzee anaelewa swali na kiganja chake kinakwenda anakotaka. Hakukosea hata mara moja. Kisha akaziweka picha mbili kwenye kimeza cha kulia.

"Unataka kwenda kukaa wapi?"

Spiringi alizitazama kwa muda. Akaweka kiganja juu ya kibaraza.

Tabibu alizibadilisha pande, akauliza upya. Kiganja kikavuka kimeza, kikatua juu ya kibaraza. Siku iliyofuata alirudia yote tangu kikombe na kiatu, na jibu halikubadilika.

"Mwulize tena," Fundi alisema.

"Nimemuuliza jana na leo."

"Labda hakuelewa."

"Kikombe alikielewa."

"Daktari, mara moja tu. Nakuomba."

Mwanamke alivua miwani, ikabaki ikining'inia kwa uzi wake kifuani. "Nikimuuliza mpaka ajibu unachotaka wewe," alisema, "sitakuwa nimemuuliza."

Inafaa isemwe kwamba baba mdogo hakushangilia. Aliziokota picha zote mbili, ya karakana akamrudishia mwenyewe, akatoka nje kusimama peke yake.

Mke wa Fundi ndiye aliyefungasha nguo. Alizikunja moja moja, mashati ya kazi akayaweka chini kabisa, kisha akafikiri akayatoa.

"Umemwambia?" alimuuliza mumewe.

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto."

Mchana wa siku ya mwisho baharia alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya nyonga, na vitanda vya jirani vilikuwa vitupu. Fundi alisogeza kiti. Alichukua mkono wa kushoto wa mzee, akamkata kucha polepole, kidole kwa kidole, kwa sababu mkono wa kulia usingeweza kumsaidia mwenzake. Ukucha wa kidole cha shahada, ule wa kugongea mikanda, aliuacha mrefu kidogo. Kisha, bila kuinua macho, akasema.

"Baba."

Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Akarudia huku akimtazama. "Baba. Nisamehe nimechelewa."

Mzee Spiringi alimkazia macho.

"Baba," alisema.

Fundi alikumbuka alivyofundishwa: sikiliza sauti, tazama jicho. Sauti ilikuwa tambarare, haikupanda wala kushuka. Jicho lilikuwa limelowa machozi. Lakini jicho lile, tangu siku ya kiharusi, lilikuwa likitoka machozi muda wote, na wauguzi walilifuta kwa pamba kila asubuhi. Fundi alikaa ameshika mkono ule mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Hakujua kama amejibiwa, au amerudishiwa neno lake kama lilivyokuwa.

Mzee aliondoka Alhamisi, ameegemezwa mito ambayo Fundi alikuwa ameishona kwa kipimo cha kiti cha gari. Aliishi katika nyumba ya wazee wake hadi mwezi Novemba. Fundi alikwenda kumtazama mara kadhaa. Walikaa kibarazani, wakatazama njia, na baba mdogo aliwaletea chai akaondoka kuwapisha. Kila safari Fundi alimwamkia kwa jina lile jipya, na halikuwa jepesi hata mara ya mwisho. Karakana bado ipo. Siku hizi Fundi huvuta kwa mkono mmoja na kupigilia kwa mwingine, na wateja husema makochi yake hulegea upesi kuliko ya zamani.

Kwa nini Mzee Spiringi alichagua kibaraza, haijulikani. Mdogo wake anaamini aliitaka nyumba ya wazazi wao. Mke wa Fundi anaamini hakutaka kukaa karakanani akitazama kazi asiyoiweza. Fundi akiulizwa husema hajui. Haijulikani pia kama miaka yote ile Spiringi alitamani kuitwa baba, maana hakumwambia mtu. Na neno alilolisema mchana ule, hakuna awezaye kuthibitisha kwamba lilikuwa jibu.